Juha ni nani hasa? Neno "ujuha" limetugawa kijiweni

Mkaazi wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi kutoka Dodoma.

Kijiwe chetu cha bajaji karibu na soko la Majengo kimegawanyika mafungu mawili kwa sababu ya neno moja. Kuna dereva mwenzetu, kijana mcheshi, alikuja asubuhi kavaa helmeti ya bodaboda ndani ya bajaji, mkanda kaukaza kidevuni, anaita abiria kwa sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe: "Makole mara ya kwanza! Makole mara ya pili! Nani anaongeza?" Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya nyanya kichwani alicheka mpaka akaitua chini. Mzee wa duka la jirani akasema, "Huyu juha huyu." Basi kijana akanuna, mpaka mchana hakupakia mtu.

Fungu moja linasema katukanwa, juha ni mjinga kwa jina jingine. Mimi niko fungu la pili. Kwa masikio yangu, mjinga ni asiyejua, na ukimfundisha ujinga unakwisha. Mpumbavu kafundishwa na bado anakaza shingo. (Mnakumbuka mwaka 2015, Mzee Mkapa alipotamka "wapumbavu na malofa" pale Jangwani, nchi nzima ilivyogeuka darasa la kamusi?) Juha yeye ana watazamaji. Anafanya jambo la kipuuzi mchana kweupe, mbele za watu, na watu wanapata kitu cha kusimulia nyumbani. Ukiteleza chumbani kwako peke yako hakuna ujuha hapo. Ukiteleza mbele ya bibi harusi, ukainuka na kuendelea kucheza kana kwamba ndiyo mtindo wenyewe, huo sasa ni ujuha.

Nikaenda mbali kidogo. Juha ni jina la mtu. Waarabu wana hadithi zake tangu zamani sana: Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki karne ya 9, anamtaja, na orodha ya vitabu aliyoiandika Ibn al-Nadim kule Baghdad karne ya 10 inacho kitabu cha visa vya Juha. Wapo wanaosema alikuwa mtu kweli, Abu al-Ghusn Dujayn bin Thabit, wa mji wa Kufa huko Iraki (Kufa jina la mji jamani, msianze). Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, alikusanya habari za wapumbavu, na alipomfikia Juha akasita. Anasema zimepokewa habari zinazoonyesha alikuwa mtu wa akili, ingawa uzembe wa mawazo ulimzidi, na kwamba baadhi ya visa vilitungwa na maadui zake.

Nasimama hapo hapo aliposita Ibn al-Jawzi. Mtu ambaye miaka elfu na zaidi watu hawajaamua kama alikuwa mwerevu au bwege, jina lake haliwezi kuwa tusi la moja kwa moja. Karibuni.

Zabibu Chachu

Nimewahi siti ya mbele, karanga mkononi. Wajuvi waje.

Binti Irangi

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeturuka. Mimi nilivyofundishwa, juha linatokana na *jahili*, asiye na elimu. Waarabu wakiwa na majahili wengi wanasema *juhala*. Sisi tukachukua tukakata mkia, ikabaki juha. Kwa hiyo kijana wa bajaji katukanwa na ana haki ya kununa.

Msafiri wa Bahi

Binti Irangi kamaliza. Uzi ufungwe.

Ustadhi wa Kondoa

Usifungwe kwanza. Assalaam alaykum wote.

Dada yangu Binti Irangi hoja yako ina sura nzuri, nami nimeisikia kwa watu wazima. Ila iangalie kwa karibu. Kiarabu kina H mbili katika habari hii. Ya *jahili* ni nyepesi, inatoka kifuani kama mtu anayehema. Ya Juha ni nzito, inakwaruza kooni kama unapangusa kioo cha miwani kwa pumzi. Kiswahili kimezimeza zote mbili zikawa H moja, kwa hiyo kwa kusoma tu huwezi kujua umetoka mlango upi. Hapo tuko sawa sawa.

Tatizo lako ni ile L. Waswahili tukipokea neno la Kiarabu lililoishia na konsonanti, hatuikati; tunaiwekea irabu ya kukalia. *Aql* ikawa akili. *Jahil* ikawa jahili, L ipo. *Fasl* ikawa fasili, L ipo. Sasa kwa nini kwa juha peke yake tuitupe silabi nzima? Juha kama jina la mtu linaingia mzima mzima bila kukatwa wala kuongezwa.

Halafu maana. Jahili kwa Kiswahili cha watu wa dini ni neno zito, lina giza ndani yake. Hakuna anayemcheka jahili. Juha tunamcheka.

Mleta uzi nakuongezea: huyo Juha kasafiri kuliko misafara yote iliyopita Ugogo. Misri wanamwita Goha. Sicily ni Giufà. Malta ni Ġaħan. Waturuki wana Nasreddin Hoca, visa vyake na vya Juha vimechanganyika mpaka huwezi kuvitenganisha, na kaburi lake wanakuonyesha mjini Akşehir. Kaburi lenyewe ni kisa: lina mlango wenye kufuli kubwa la kutisha, na pembeni pako wazi, mtu anapita tu. Mwaka 2022 UNESCO iliweka usimulizi wa visa vya Nasreddin katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Binti Irangi

Ustadhi, hiyo ya L nimeikubali nusu. Nusu nyingine naibakisha, kwa sababu mama yangu akisema "juha wewe" hakuwa na kicheko hata punje, alikuwa na mwiko.

Ustadhi wa Kondoa

Mwiko wa mama hauna etimolojia, dada. Huo unapokelewa tu.

Mwalimu wa Kongwa

Hahaha. Jamani niongeze la darasani maana naona uzi umenona.

Mnazungumza juha, mmelisahau pacha wake: *masihara*. "Acha masihara yako." Hilo nalo ni la Kiarabu, *maskhara*, mzaha wa kumfanya mtu kichekesho. Kwa Waturuki *maskara* ni mchekeshaji mwenyewe, yule wa kujipaka rangi usoni. Kwetu KH ilikuwa ngumu ikalainika ikawa H, kama ilivyokuwa kwa khabari na habari, khatari na hatari, khasara na hasara. S na KH zilikuwa zimebanana, tukazitenganisha na I. Hapo sauti zimekwisha.

Raha iko kwenye ngeli. Ile MA- ya *maskhara* ni ya Kiarabu, haina uhusiano wowote na wingi. Lakini sikio la Mswahili likisikia MA- linawaza maji, maziwa, mambo. Kwa hiyo tukaiweka ngeli ya YA: masihara haya, masihara yake. Kitabu kiliingia hivyo hivyo. KI- ya *kitab* ilikuwa mwili wa neno, sisi tukaona ni kiambishi, tukazaa vitabu. Na *madrasa* ndiyo kali zaidi, kuna watu walisikia MA- wakadhani ni wingi, wakaitafuta darasa moja moja. *Mzaha* vilevile: M ile ni ya mzizi, sisi tumeifanya ya mti na miti, tukapata mizaha.

Wanafunzi wangu nikiwaambia hivi wanasema "mwalimu unaleta masihara". Nawaambia ndiyo, haya.

Cherehani Area C

Mwalimu subiri. Maskara? Ina maana hii ninayopaka kwenye kope kila Jumapili ndiyo masihara yenyewe?

Mwalimu wa Kongwa

Wanaisimu wamegawanyika juu ya hilo. Wapo wanaosema neno la Kiarabu liliingia Italia likawa *maschera*, kinyago cha uso, na kutoka kinyago ikaja rangi ya kope. Wengine wanalitafuta kwenye *masca* ya Kilatini cha zama za kati, neno la mchawi. Kwa hiyo dada chagua: kila Jumapili unakwenda kanisani ukiwa mchekeshaji au mchawi.

Cherehani Area C

Mume wangu kasoma hii. Siku yangu imekwisha.

Ustadhi wa Kondoa

Mwalimu nakupokea mkoba. Huo mzizi wa *maskhara* umo kwenye Qurani, Surat al-Hujurat aya ya 11, pale waumini wanapokatazwa watu kuwadharau watu wengine, huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Kitenzi kilichotumika kwenye "kudharau" ni cha mzizi huo huo. Kuna tawi jingine la herufi hizo lenye maana ya kumtiisha mtu, na *sukhra* kwa Kiarabu ni kazi ya shokoa, unafanyishwa bila ujira. Kumcheka mtu na kumtumikisha bure wamezaliwa nyumba moja. Mzee wa duka aliyemwita kijana juha angalau alimpa jina. Wale waliocheka na kuondoka bila kupanda bajaji ndio waliomtumikisha.

Mkaazi wa Nkuhungu (mleta uzi)

Ustadhi hiyo ya mwisho nimeisoma kijiweni kwa sauti. Kimya. Halafu kijana mwenyewe akasema, "Si nimewaambia?"

Mwenye Kiwanja Nala

Mimi elimu yenu ya H nzito na nyepesi siiwezi. Nina kisa cha Juha ambacho kimenipata mimi hapa mjini.

Juha aliuza nyumba yake. Akamwambia mnunuzi: nyumba yote yako, ila msumari mmoja ukutani ni wangu, siuuzi. Mnunuzi akaona huyu mjinga, msumari una hasara gani? Wakaandikiana. Kesho yake Juha kaja, katundika kanzu. Keshokutwa kaja usiku, anataka kuuangalia msumari wake. Mara anakuja wakati wa chakula. Mwisho kaja na mzoga, kautundika, unanuka nyumba nzima, na ukimkataza anakuonyesha karatasi. Mnunuzi akahama. Kwa Waarabu ukisema "msumari wa Juha" kila mtu anajua ni kisingizio cha kuingilia mambo ya mwenzako.

Sasa mimi. Baada ya mji kupandishwa kuwa jiji mwaka 2018, na bei za viwanja zikipaa kila kukicha, nikanunua kiwanja kwa mzee mmoja. Mbuyu mmoja pembeni, mzee akasema huu usiuguse, bibi yangu alikuwa anapumzika hapa. Nikasema shikamoo mzee, hauna shida. Wakuu! Kila msimu wa ubuyu anakuja na wajukuu, magunia na ngazi. Wanakula, wanapumzika, wanachaji simu kwangu. Mwezi uliopita wamefanyia kikao cha harusi chini ya mbuyu na mimi nimechangishwa.

Huyo mzee ni juha? Au juha ni mimi?

Zabibu Chachu

Wewe ndiye msumari.

Msafiri wa Bahi

Kadi ya harusi umepewa lakini?

Mwenye Kiwanja Nala

Singo.

Nyundo ya Mpwapwa

Naomba kuuliza bila ugomvi. Kila neno la kuchekesha mnalipeleka Uarabuni. Kwani Wabantu hatukuwa na mabwege wetu wenyewe?

Mwalimu wa Kongwa

Tulikuwa nao wengi tu, ndugu yangu. Mpumbavu anatoka kwenye kupumbaa, kubaki umeduwaa mdomo wazi. Upuuzi ni wa kupuuza. Punguani kapungua, na kila mtu anajua kilichopungua. Kichekesho kinatoka kwenye kucheka. Na kwenye ngano zetu Fisi ndiye anayefanya kazi ya Juha ya kuchekwa, Sungura anachukua ile ya kuchekea. Angalia tofauti hapo: Wabantu tuligawa kazi kwa wanyama wawili, Waarabu wakaweka zote mbili ndani ya mtu mmoja. Ndiyo maana Juha anatuchanganya. Leo anamhesabu punda vibaya, kesho anamshinda kadhi.

Kule Kenya gazeti la Taifa Leo lilikuwa na katuni ya Juha Kalulu, aliyoianzisha Edward Gitau. Kalulu ni sungura kwa Wanyanja na Wabemba. Majina mawili ya ujanja na ujinga kwa mtu mmoja, tena mchorwa.

Nyundo ya Mpwapwa

Hiyo ya Fisi na Sungura imeniingia. Ila Abunuwasi je? Sisi shuleni tulisimuliwa Abunuwasi, Juha tulimsikia kwenye matusi tu.

Ustadhi wa Kondoa

Swali zuri kuliko yote. Pwani visa vingi ambavyo kwingine vinasimuliwa kwa jina la Juha au Nasreddin, sisi tulivivika kanzu ya Abunuwasi. Kile cha sufuria iliyozaa, halafu ikafa, Waturuki wanakisimulia kwa Hoca wao. Abunuwasi mwenyewe alikuwa mshairi kweli, Abu Nuwas wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, na sifa yake kubwa kwa Waarabu ni mashairi ya mvinyo. (Angefika Dodoma kwenye zabibu zenu, asingeondoka.)

Kwa hiyo kwetu urithi uligawanywa. Abunuwasi akachukua hadithi na werevu. Juha akabakiziwa jina na aibu. Kijana wa bajaji angeitwa "Abunuwasi wewe" asingenuna hata dakika.

Mkaazi wa Nkuhungu (mleta uzi)

Ustadhi umetibua mambo. Mimi nimekuja kumtetea Juha, kumbe aliyenyang'anywa ni yeye.

Mjukuu wa Chamwino

Nimesoma yote kimya kimya. Mnatafuta ujuha kwenye vitabu wakati upo misibani kwetu.

Kwetu mtani ana kazi. Alipofariki babu, watani walifika kabla ya mchungaji. Mmoja kavaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vilevile alivyokuwa akiburuta babu, anapita akidai madeni: "Wewe, elfu mbili yangu ya pumba iko wapi?" Bibi alikuwa hajala tangu jana. Alipoona ule mguu akaanza kulia, halafu katikati ya kilio kikamtoka kicheko, akajifuta na khanga akaomba uji. Wakati wa kuzika mtani mwingine kajilaza kaburini, anasema nafasi imeshajaa mpaka alipwe. Akalipwa. Wageni waliotoka mjini walikasirika, wakaona tumeletewa wahuni.

Mtu wa nje akimwona yule wa kaburini atasema juha huyu. Na ni juha kweli. Lakini ana kibali cha miaka na miaka, na angekosekana wazee wangeuliza: watani wako wapi? Utani wa Wagogo uliandikwa kitaaluma na Peter Rigby tangu miaka ya 1960, unaanzia ndani ya ukoo na binamu mpaka kwa makabila jirani. Mpumbavu hapewi kibali cha kulala kaburini. Hilo linanitosha kutofautisha maneno yenu yote.

Binti Irangi

Hii ya koti la marehemu imenimaliza. Ile nusu niliyoibakisha mchukue.

Cherehani Area C

Hao watani ndio waliomzaa Mzee Majuto. King Majuto, yule mchekeshaji wa filamu, hata kabla hajaongea, anakuangalia tu, unacheka. Mpaka anafariki mwaka 2018 sijawahi kusikia mtu anamwita mjinga.

Mnyalukolo wa Iringa

Mimi mtani wenu kutoka Uheheni nimesubiri mmalize kusifiana. Kurasa zote hizi Wagogo wanajadili neno juha! Mngejitazama kwenye kioo tungelala mapema. Na hilo kaburi mtani alilipwa shilingi ngapi? Maana Mgogo hata akizikwa anataka nauli ya kurudi.

Mjukuu wa Chamwino

Mtani karibu. Tulikuwa tunajiuliza harufu inatoka wapi. Wakuu, mwenye mbwa amfungie ndani, Mhehe kaingia kwenye uzi na hajala.

Mnyalukolo wa Iringa

Wa kwako nimemwona, kakonda. Sili mifupa.

Mjukuu wa Chamwino

Basi njoo Jumamosi tuna mnada, nitakununulia wa Mpwapwa, wale wamenona. Nyundo ya Mpwapwa, una wangapi?

Nyundo ya Mpwapwa

Mniache. Mimi niliuliza swali la lugha tu.